Bibi alipatikana Gikomba, mimi nikapotea Nairobi

Najua nimepotea, na kuna watu walishaanza kuulizana kama nimeolewa. Sijaolewa, tulieni. Nilikuwa Nairobi siku nne kwenye mdahalo wa wanafunzi, nikarudi Dodoma nikakutana na majaribio mawili ndani ya wiki moja, na katikati ya hayo kuna jambo la nyumbani limenikaa rohoni. Ndo linanifanya niko macho saa hizi, wenzangu chumbani wote wamelala na upepo wa Dodoma unapiga mabati kama una ugomvi nayo.

Basi bwana, mambo yalikuwa hivi. Tuliondoka watano, basi la alfajiri, Kondoa, Babati, Arusha. Pale Arusha nikapata nafasi ya kumpitia bibi anakoishi na mama mdogo. Nikamwamkia, akanipa ndizi mbivu za njiani na shilingi elfu tano ambayo najua aliihitaji kuliko mimi. Kesho yake asubuhi tukaelekea Namanga.

Sasa kabla ya safari kaka mmoja wa mwaka wa tatu alikuwa ametutisha vibaya sana. Yeye aliwahi kwenda Nairobi akaacha simu inajiendea yenyewe, eti salio lake la elfu kumi liliisha kabla basi halijafika Kajiado, kisa data ya romingi. Akatushauri tununue laini ya eSIM ya wasafiri, ile isiyo na kadi. Unalipia mtandaoni, unatumiwa msimbo wa QR, unaupiga picha na simu, tayari una intaneti ukivuka tu. Nikanunua. Na mimi kwa ujanja wangu nikaenda mbele zaidi. Nilipofika Namanga nikaichomoa kabisa laini yangu ya Tanzania, nikaifunga kwenye karatasi ya risiti, nikaitupia kwenye pochi. Nikajisemea, hapa sasa hawanipati.

Na kweli hawakunipata.

WhatsApp ilikuwa inafanya kazi kama kawaida, maana ikishasajiliwa haijali laini iko wapi mradi data ipo. Nikawa natuma picha za magorofa, nachati na ninyi, kila kitu safi. Nyumbani kwa bibi kuna kitochi kimoja tu, cha mama mdogo. Mama yangu yuko Singida, na simu yake janja ilivunjika kioo tangu Pasaka. Kwa hiyo watu wote niliokuwa naongea nao walikuwa wenye simu kubwa, na wala sikuona kama kuna watu wamekosekana.

Ijumaa usiku bibi alishikwa na tumbo. Alipofikishwa hospitali wakasema ni kidole tumbo, anapasuliwa usiku huohuo. Akaomba aongee na mimi kwanza. Mama mdogo akapiga, namba haipatikani. Akapiga tena. Mama akajaribu kutoka Singida, haipatikani. Bibi akaingia chumba cha upasuaji bila kunisikia.

Jumapili jioni tuko Namanga tunagongewa pasi, nikairudisha laini. Meseji zikaanza kuingia mfululizo, kumi na nne. Ya kwanza kufungua ilisema "wameshamwingiza". Jamani. Nilikaa chini palepale kwenye lami, pasi mkononi, wenzangu wakadhani nimeibiwa. Ilinichukua muda kufika kwenye meseji iliyosema ametoka salama.

Arusha nikashuka, wenzangu nikawaacha waendelee. Jumatatu asubuhi niko wodini. "Shikamoo bibi." Akaitika marahaba kwa sauti ndogo, akanitazama, halafu akaniuliza kitu ambacho sikukitegemea. "Mjukuu wangu, mimi nilikuwa napatikana Gikomba. Wewe msomi, na hilo lisimu lako, ulikuwa wapi?"

Sikuwa na jibu. Ila mimi ni mwanafunzi wa ualimu, somo langu Historia, na swali la bibi ni swali la historia. Inakuwaje mfanyabiashara wa mitumba miaka karibu ishirini iliyopita, na kitochi cha tochi, apatikane Nairobi, halafu mjukuu wake mwenye eSIM asipatikane? Nimelichimba. Naomba mnivumilie, leo ni ndefu.

Kwanza bibi mwenyewe. Miaka ile alikuwa anafuata mitumba Gikomba, Nairobi, anauza Soko la Kilombero pale Arusha. Mwanzoni alikuwa na laini mbili, ya Tanzania na ya Kenya. Akifika Namanga anatoa moja kwenye Nokia 1100 yake, anaweka nyingine, aliyoitoa anaifunga kwenye pindo la kanga. Watu wa Arusha wana namba moja, wa Nairobi nyingine. Mtoto akiugua Arusha wakati yeye yuko Gikomba, atajua akirudi. Yaani nilichokifanya mimi juzi na karatasi ya risiti ndicho alichokuwa anafanya bibi na pindo la kanga!

Halafu anasema ukafika mwaka ambao aliacha. Laini ya Tanzania ikawa inavuka naye. Akipigiwa anapokea na salio halipungui. Salio likiisha ananunua vocha ya Kenya, anakwangua, anaingiza kwenye laini ya Tanzania, na inakubali. Bibi alidhani ni bahati yake peke yake, akawa hasemi kwa wenzake wasije wakaiharibu. Tehe tehe! Kumbe ni jambo lililotangazwa, na mwaka wake unajulikana. Nitaufikia.

Ila ili tuelewane lazima nieleze romingi yenyewe ni mnyama gani. Neno lenyewe maana yake ni kuzurura tu. Simu yako inazurura kwenye mtandao usio wa kwao.

Mnaijua barua ya utambulisho ya serikali ya mtaa. Ukienda kuishi mtaa mgeni, mwenyekiti wa huko hakujui, anataka kujua kwenu wanakutambua. Simu inafanya vilevile. Ndani ya laini kuna namba ya siri ya tarakimu kumi na tano ambayo siyo ile unayowapa watu. Tarakimu tatu za mwanzo zinataja nchi. 640 ni Tanzania, 639 Kenya, 641 Uganda. Unapowasha simu Namanga upande wa Kenya, mnara wa kule unasoma 640, unasema huyu mgeni. Mtandao wa Kenya unaulizia kwenu, "Mtu huyu ni wenu? Mtamlipia?" Kwenu wakisema ndiyo, unahudumiwa, na wao wanaandika kwenye rejista yao kwamba leo yuko Kenya, kwa fulani. Kama mitandao hiyo miwili haina mkataba, au kwenu hawajakufungulia huduma hiyo, hupati kitu hata kama mnara uko juu ya kichwa chako.

Hapo ndo utajua kwa nini kupokea simu ugenini kunagharimu, jambo linalowaudhi wengi. Mama mdogo akinipigia kutoka Arusha, amepiga namba ya Tanzania, analipa bei ya Tanzania. Yeye hajui niko wapi na wala si kazi yake kujua. Simu inafika kwanza kwa mtandao wangu wa nyumbani, wanaangalia rejista, wanaona yuko Nairobi, wanaisukuma mpaka Nairobi kama simu ya nje ya nchi. Mtandao wa Kenya nao unataka chake kwa kunifikishia. Kile kipande cha pili cha safari nani akilipe? Mimi niliyezurura. Tatizo la kihistoria ni kwamba kile kipande bei yake waliipanga wakubwa wawili wakiwa peke yao mezani, na msafiri akaletewa tu.

Mambo haya yalianzia wapi? Ulaya ya kaskazini. Mwaka 1981 na 1982 Sweden, Norway, Finland na Denmark zilifungua mtandao mmoja wa simu za kwenye magari, uliitwa NMT, na mtu aliweza kuvuka mpaka na simu ikaendelea kufanya kazi. Huo ulikuwa mwanzo wa romingi ya kimataifa. Kwingine Ulaya kila taifa lilikuwa na mtambo wake. Wajerumani na wao, Wafaransa na wao, Waingereza na wao, na simu ya Mjerumani ikifika Ufaransa inageuka jiwe. Ndo maana mwaka 1982 wakaunda kamati ya kutafuta mfumo mmoja wa Ulaya nzima, kamati iliyozaa GSM. Mwaka 1987 mjini Copenhagen nchi 13 zikasaini makubaliano ya kuujenga.

Tarehe 1 Julai 1991 aliyewahi kuwa waziri mkuu wa Finland, Harri Holkeri, akapiga simu ya kwanza ya GSM. Mwaka huohuo kampuni ya Kijerumani, Giesecke & Devrient, ikauza kadi 300 za kwanza za SIM kwa mtandao wa Radiolinja wa Finland. Kadi zenyewe zilikuwa na ukubwa wa kadi ya benki! Na mwaka 1992 Telecom Finland na Vodafone ya Uingereza wakasaini mkataba wa kwanza wa romingi wa GSM. Naomba muishike hiyo kadi akilini, maana ndiyo iliyotenganisha mtu na simu yake. Kabla yake simu yenyewe ndiyo ilikuwa mteja. Baada yake utambulisho wako ukawa kipande cha plastiki unachoweza kukitoa, kukiweka, na kukifunga kwenye pindo la kanga.

Sasa turudi kwetu, na hapa ndo patamu. Sisi wa Afrika Mashariki tuna tabia ya kufikiri kila kitu cha simu kilianza Ulaya kikaja kwetu kimechelewa. Kwenye hili siyo.

Kwanza tulishawahi kuwa na mtandao mmoja. Kenya, Uganda na Tanzania zilikuwa na shirika moja la posta na simu, la Jumuiya ya Afrika Mashariki. Jumuiya ilipovunjika mwaka 1977 shirika likagawanywa, kila nchi ikachukua kipande chake, na Tanzania ikafunga mpaka wake na Kenya. Mpaka ulifunguliwa mwaka 1983. Bibi anaikumbuka Namanga ilivyokuwa kimya miaka hiyo. Lakini kuna alama moja ya undugu ilibaki kwenye namba. Nchi zote duniani unazipigia kwa msimbo wa kimataifa, ila majirani hawa watatu walibaki na njia ya mkato. Kutoka Tanzania unapiga Kenya kwa 005 na Uganda kwa 006, na Mkenya anapiga Tanzania kwa 007. Wazee wetu wa biashara wanazijua hizo kuliko sisi.

Jumuiya ikafufuliwa kwa mkataba uliosainiwa Arusha tarehe 30 Novemba 1999. Karibu wakati huohuo, mwaka 1998, mhandisi mzaliwa wa Sudan, Mo Ibrahim, alikuwa ameanzisha kampuni ya simu kwa ajili ya Afrika, ndiyo iliyokuja kuitwa Celtel. Mwaka 2005 ikanunuliwa na MTC ya Kuwait kwa dola bilioni 3.4. Na mwezi Septemba 2006 Celtel wakatangaza kitu walichokiita One Network katika nchi tatu, Kenya, Uganda na Tanzania. Mteja akivuka mpaka anapokea simu bure, anapiga kwa bei za wenyeji, anatumia vocha za huko huko, na hahitaji kujiandikisha wala kuweka dhamana. Mwaka 2007 ikasogezwa mpaka Gabon na Kongo zote mbili, na kabla mwaka haujaisha ilifika nchi kumi na mbili za Afrika.

Hiyo ndiyo bahati ya bibi. Celtel ya Arusha na Celtel ya Nairobi.

Sasa linganisha na Ulaya iliyoanzisha kila kitu. Mwaka 2006 Mjerumani akienda Ufaransa kupokea simu alikuwa bado analipia. Umoja wa Ulaya ulitunga kanuni ya kwanza ya kuweka kikomo cha bei mwaka 2007, senti 49 za yuro kwa dakika ukipiga na senti 24 ukipokea, kabla ya kodi. Wakashusha kidogo kidogo. Siku ya kutumia simu nchi nyingine ya Umoja kwa bei ya nyumbani ilifika tarehe 15 Juni 2017. Hesabu mwenyewe! Bibi yangu alikuwa anapokea simu bure Gikomba zaidi ya miaka kumi kabla ya Mzungu kufika hapo. Nilipomwambia hivyo alicheka mpaka akashika mshono, muuguzi akanifokea.

Ila mwalimu mzuri hasimami kwenye sifa, anauliza kwa nini. Kwa nini Celtel waliweza na Ulaya ikachelewa? Minara ilikuwa ileile ya GSM, hakuna uchawi wa mitambo uliohitajika kuliko wa Ulaya. Jibu liko kwenye ile barua ya utambulisho. Celtel Tanzania inapomdai Celtel Kenya, ni mkono wa kushoto unaudai mkono wa kulia, mfuko ni mmoja. Ile bei ya kipande cha pili inaweza kufutwa kwa sababu hakuna mgeni anayeidai. Na pia ilikuwa mbinu ya kuvuta wateja, maana wasafiri na wafanyabiashara wa mipakani wote wangehamia kwao. Wapinzani waliliona hilo. Haukupita muda Safaricom ya Kenya na MTN ya Uganda, ambazo hazina mama mmoja, zikaingia na mpango wao ulioitwa Kama Kawaida. Kumbe hata wasio ndugu wanaweza kukubaliana, wakisukumwa.

Kwa hiyo kuna njia mbili za kuufuta mpaka kwenye simu. Ya kwanza ni mwenye mali mmoja, ambayo ni ya haraka ila inadumu kwa matakwa yake na inawafaa wateja wake tu. Majina yenyewe yalivyobadilika mnaona. Celtel ikawa Zain mwaka 2008, na mwaka 2010 sehemu kubwa ya biashara ya Zain Afrika ikanunuliwa na Bharti Airtel ya India. Ya pili ni serikali kukaa pamoja na kuamuru. Kwetu hiyo ilianza mwaka 2014, Kenya, Uganda, Rwanda na Sudan Kusini zilipokubaliana eneo moja la mtandao, kupokea simu kukawa bure ukiwa ndani ya nchi hizo. Tanzania na Burundi hazikuwemo walipoanza. Mkutano kama ule, ukumbi umejaa tai na suti, ndio unaoamua kama mama mdogo atanipata au hatanipata. Sikuwahi kuufikiria hivyo.

Halafu ndo ikaja eSIM, kesi yangu mimi.

eSIM siyo laini isiyokuwepo, kama nilivyodhani. Ni ile kadi ya mwaka 1991 imepungua, ikapungua, mpaka ikawa kichipu kilichogandishwa ndani ya simu kiwandani. Utambulisho hauji tena kwenye plastiki, unapakuliwa. Ule msimbo wa QR si laini, ni anwani ya mahali utambulisho wako unakosubiri, ndo maana inabidi uwe na intaneti kuupakua. Umoja wa makampuni ya simu duniani, GSMA, ulitoa utaratibu wake kwa ajili ya vifaa vya watu wa kawaida mwaka 2016. Google Pixel 2 ilikuja nayo mwaka 2017, iPhone XS mwaka 2018, na mwaka 2022 iPhone 14 za soko la Marekani ziliuzwa bila hata tundu la kadi.

Faida yake ni kubwa, sikatai. Simu moja inabeba utambulisho kadhaa, unanunua wa nchi unayokwenda ukiwa kitandani kwako Dodoma. Bibi angekuwa nayo asingehitaji pindo la kanga.

Lakini nisikilizeni. Nilipofika Nairobi, kila nikifungua ukurasa wa Google unanikaribisha kwa lugha ya nchi fulani ya Ulaya ambayo sijawahi kuikanyaga. Nilicheka, nikadhani simu imechanganyikiwa. Haikuchanganyikiwa. Wauzaji wengi wa eSIM za wasafiri hawana mnara hata mmoja. Wananunua data kwa jumla kutoka mtandao wa nchi fulani, wanakuuzia utambulisho wa huko, na ukifika Kenya unapokelewa kama mgeni kutoka huko. Data yako mara nyingi inapita kwanza kwenye hiyo nchi halafu ndo inarudi kwako. Yaani nilikimbia romingi, na siku zote nne nilikuwa nazurura! Tofauti ni kwamba mkataba ule wa bei kuna mtu aliujadili kwa niaba yangu, akalipwa mapema, nami nikaona namba moja tu ya kulipa. Barua ya utambulisho ilikuwepo palepale, ila ilitoka kwa mtendaji wa mtaa nisiokaa.

Na hapo ndipo kosa langu lilipo, wala siyo la eSIM. Ile laini ya wasafiri ilikuwa ya data tu, haina namba ya kupigiwa. Hata kama ingekuwa nayo, bibi hana namba hiyo. Namba anayoijua bibi ni moja, imeandikwa kwa kalamu ya wino ukutani karibu na jiko, tangu niko sekondari. Kule kwenye rejista ya nyumbani niliposajiliwa kwa alama ya kidole, kulikuwa na nafasi ya kuandika huyu yuko wapi, na mimi niliichomoa laini isiandikwe. Mtandao wangu haukushindwa kunipata. Ulinitafuta, ukakuta sijaaga.

Kitu nilichopaswa kufanya ni kidogo mpaka aibu. Kabla ya kuondoka, kuuliza mtandao wangu kama romingi imefunguliwa na bei ya kupokea kwa dakika ni ngapi. Kuipakua eSIM nikiwa bado kwenye intaneti ya chuo. Halafu kuiacha laini ya Tanzania ndani ya simu, imewashwa, kwa ajili ya kupigiwa na meseji, na kuizima data ya romingi kwenye laini hiyo peke yake, data yote ipite kwenye eSIM. Kilichomla yule kaka wa mwaka wa tatu ilikuwa data, programu zinajisasisha zenyewe mfukoni. Simu ya dakika mbili kutoka Arusha isingenifilisi. Na hata kama ingenifilisi, bado.

Mwisho kabisa, kuwaambia watu. "Bibi, nitakuwa Nairobi mpaka Jumapili, ukinikosa mpigie fulani." Sentensi moja. Bibi anasema kabla ya ile laini ya kuvuka mpaka, kila akienda Gikomba alimwachia jirani namba ya duka la Mkikuyu mmoja aliyekuwa anampa mzigo. Hakuwa na mtandao mmoja wakati huo, ila alikuwa na akili ya kujua kwamba kuna watu watamtafuta.

Nimeandika haya pia kwa sababu muhula ujao tunaenda mazoezi ya kufundisha, na nataka nikiwafundisha kidato cha nne kuvunjika na kufufuka kwa Jumuiya ya Afrika Mashariki, nisianzie na tarehe za mikataba. Nitaanza na mama wa mitumba Namanga anayebadilisha laini kwenye pindo la kanga, niwaulize kwa nini mwaka 2006 aliacha. Nadhani hawatasinzia. Wakisinzia basi kosa litakuwa langu.

Bibi ameruhusiwa, yuko nyumbani, anakula uji na kulalamika kwamba hauna sukari. Jana nilimpigia. Kabla sijasema lolote akaniuliza, "Uko nchi gani leo?" Nikamwambia niko Dodoma bibi, kitandani. Akasema haya, leo nimekupata.

Naomba kuwakilisha. Naenda kulala, kesho saa moja kamili tuna kipindi na mwalimu wetu anafunga mlango. Tuonane wiki ijayo Mungu akipenda, na kama umesafiri bila kuaga kwenu, tafadhali piga simu sasa hivi.